Sanaa ya pop na kuhariri picha darasani: yanayodhaniwa na ukweli wake

“Kuhariri picha ni kubonyeza filta, programu inamaliza kazi.”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayowapunja wanafunzi zaidi. Chukua zoezi linalopendwa sana kwenye kipindi cha sanaa: uso wa mtu wenye mistari myeusi na rangi kali, kwa mtindo wa Andy Warhol, msanii wa Marekani aliyevuma kwa sanaa ya pop, yaani sanaa inayochukua picha za bidhaa, matangazo na watu maarufu. Hatua ya kwanza ni kuifanya picha iwe nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu. Programu hupima mwangaza wa kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayounda picha, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 255 ambayo ni nyeupe kabisa. Kisha inaweka mpaka: pikseli zilizo juu ya mpaka zinakuwa nyeupe, zilizo chini zinakuwa nyeusi. Ukiiachia yenyewe, mpaka huwa katikati, karibu na 127.

Sasa fungua picha ya mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi, iliyopigwa ndani ya darasa lenye mwanga hafifu. Uso mzima unazama kwenye weusi, yanabaki meno na weupe wa macho. Hesabu ya programu iko sawa, lakini programu haijui kwamba pale pana pua, shavu na paji la uso. Mwanafunzi ndiye anayejua. Anaushusha mpaka taratibu, pengine hadi 70, pengine 60, huku akitazama mfupa wa shavu ukijitokeza. Mara nyingi hata hilo halitoshi, na dawa ni kumrudisha mwenzake karibu na dirisha na kupiga picha upya, mwanga ukitokea ubavuni. Kwangu, dakika hizo ndizo kiini cha somo. Mtoto anajifunza kusoma mwanga juu ya uso wa binadamu, kazi ileile anayoifanya anayechora kwa penseli.

Baada ya hapo ndipo zinaingia rangi. Mistari myeusi hukaa kwenye leya (tabaka la picha) ya juu, ikiwekwa katika hali inayoufuta weupe na kuuacha weusi. Chini yake kunakuwa na leya ya midomo, ya nywele, ya kope, na ya mandharinyuma, kila moja peke yake. Mwanafunzi anaweza kubadili midomo mara kumi bila kugusa nywele. Mwalimu anayesahihisha asipokee picha iliyokamilika tu; aombe faili lenye leya zake. Humo ndimo fikra za mwanafunzi zinapoonekana.

“Sanaa ya pop ni kunakili tu, hata mtoto angeweza.”

Mpangilio huo wa leya haukubuniwa na watu wa kompyuta. Marilyn Monroe alifariki Agosti 1962, na mwaka huohuo Warhol akachukua picha yake ya kutangaza filamu ya *Niagara* ya 1953. Alipaka kwanza maumbo ya rangi kwenye turubai, kisha akachapa picha nyeusi juu yake kwa skrini, kwa njia ambayo mafundi wetu wa kuchapa fulana wanaijua vizuri: kitambaa kilichovutwa kwenye fremu, wino unasukumwa kwa kipande cha mpira, unapita pale palipo wazi. Katika kazi yake ya Marilyn yenye nyuso 50, upande wa kushoto una nyuso 25 zenye rangi na wa kulia una 25 nyeusi na nyeupe. Tazama kulia kwa makini. Kuna mahali wino umejaa hadi uso hauonekani, na kuna mahali umefifia karibu kupotea. Uso uleule, picha ileile ya kuanzia, lakini kila mmoja una hali yake. Mwanafunzi anayenakili uso mara nne na kubadili rangi bila kujiuliza kwa nini hajafika hapo bado.

Makopo ya supu ya Campbell’s katika kazi za Warhol nayo husemwa kwamba yalichapwa kwa mashine. Yale 32 ya 1962, yaliyoonyeshwa Los Angeles, kopo moja kwa kila aina ya supu iliyokuwa ikiuzwa wakati huo, yalipakwa kwa mkono, na urembo wa chini ya lebo ukagongwa kwa mhuri.

“Ilianzia Marekani.”

Ilianzia Uingereza. Mwaka 1956 msanii Richard Hamilton alikata picha kwenye magazeti ya Marekani na kuzibandika kuwa sebule moja, kwa ajili ya maonyesho kwenye ukumbi wa Whitechapel, London. Mwanamume aliyesimama upande wa kushoto ameshika peremende kubwa iliyoandikwa POP. Kazi yenyewe ni ndogo, takriban sentimita 26 kwa 25. Shule isiyo na kompyuta hata moja inaweza kuanzia hapohapo: mkasi, gundi na magazeti ya zamani.

“Kuhariri ni udanganyifu ulioletwa na kompyuta.”

Mwaka 1858 mpiga picha Mwingereza Henry Peach Robinson aliunganisha negativu tano kupata picha moja ya msichana anayekufa akiwa na jamaa zake. Na huku kwetu Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akitengeneza picha za kuunganisha kwa mkono katika studio yake, miaka mingi kabla ya programu ya Photoshop kuingia sokoni mwaka 1990. Ningependa kila mwalimu wa sanaa wa pwani amtaje darasani. Udanganyifu upo picha iliyobadilishwa inapotolewa kama ushahidi wa habari, na hilo ni jambo la kulifundisha waziwazi.

“Bila Photoshop na kompyuta yenye nguvu huwezi.”

GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure na inafanya kila nilichoeleza hapo juu. Photopea, programu nyingine ya aina hiyo, inafunguka ndani ya kivinjari. Warhol mwenyewe, mwaka 1985 jijini New York, alimwaga rangi kwenye picha ya mwimbaji Debbie Harry mbele ya watu kwa kutumia Amiga, kompyuta ambayo simu ya kawaida ya leo inaizidi mbali sana. Tahadhari moja tu: picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha hubanwa na kupoteza ubora, kwa hiyo itumwe kama faili.

“Warhol alichukua picha za wengine, nasi tuchukue.”

Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981, na Warhol akaitumia kutengeneza kazi zake. Baada ya Prince kufariki mwaka 2016, moja ya kazi hizo ilitolewa kwa malipo kwenye jalada la jarida. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Mei 2023 majaji saba dhidi ya wawili wakaamua kwamba matumizi hayo hayakulindwa na kanuni ya matumizi ya haki, inayoruhusu kutumia kazi ya mwingine bila idhini katika hali fulani.

Kwa hiyo darasani tuanze na picha za wanafunzi wenyewe. Kiberiti, pakiti ya majani ya chai, kopo la maziwa ya unga: vitu tunavyovipita dukani kila siku bila kuvitazama ndivyo Warhol alivyovitafuta. Mwanafunzi akitaka uso wa mwenzake, aombe ruhusa kabla ya kupiga, na aseme mapema kama picha itabandikwa ukutani au itatumwa kwenye kundi la wazazi.