Je, wajua kwa nini kamba ya mbwa au mbuzi inaguswa na sheria mbili?

Ukipita asubuhi Sombetini mjini Arusha au Pasua mjini Moshi, hukosi kuona mbuzi aliyefungwa kando ya mtaro, na nyuma ya geti la pili mbwa mwenye mnyororo shingoni. Muulize mwenyewe kwa nini kamfunga, atakwambia akimwachia atakamatwa na halmashauri. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu tu ya sheria. Nusu ya pili imo katika Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili na kumpa mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Sheria moja haitaki mnyama azurure, nyingine haitaki ateseke kwa sababu umemzuia asizurure. Anayefunga vizuri huzitimiza zote mbili kwa kamba hiyo hiyo.

Tuanze na hiyo ya halmashauri. Jiji la Arusha na Manispaa ya Moshi hutunga sheria ndogo zao chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982. Ukitoka mjini ukapanda Kibosho uko Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ukifika Machame uko Hai, ukienda Tengeru uko Meru, na huko sheria ndogo hutungwa chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka huo huo. Ndiyo maana mwenendo unaoruhusiwa kwa shemeji yako kijijini unaweza kukutia faini mjini. Sheria ndogo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo ni maandishi, si maneno ya mgambo. Nenda kwa mtendaji wa kata au afisa mifugo, omba uonyeshwe kifungu chenyewe: faini ni kiasi gani, na mnyama akikamatwa anakombolewaje.

Kuhusu mateso, kipimo kizuri ni cha tangu 1965. Nchini Uingereza, kamati iliyoongozwa na Profesa Rogers Brambell ilisema mnyama anayefugwa lazima aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha mwili na kunyoosha viungo. Mtazame wako akiwa kwenye kamba. Akishindwa hata moja kati ya hayo matano, kamba ni fupi au imefungwa pabaya. Wengine wamekwenda mbali zaidi: sheria ya jimbo la California, Marekani, hairuhusu mbwa afungwe kwenye kitu kisichosogea kwa zaidi ya saa 3 katika siku.

Kosa kubwa kwa mbwa ni kumfunga kwenye mti. Mti wenye mzingo wa sentimita 60 hula sentimita 60 za mnyororo kila mbwa anapouzunguka. Mizunguko mitano, mita 3 zimekwisha, na mbwa amebanwa shingo kwenye gome, maji yako mita mbili kutoka mdomoni. Kosa la pili ni mnyororo unaofika ukutani. Mbwa huruka akimfukuza paka, mnyororo unaishia katikati, anabaki ananing'inia upande wa pili. Upime mnyororo ukiwa umenyooka kabisa. Usifikie ukuta, ngazi wala ukingo wa baraza.

Kilicho bora ni waya wa kutembelea. Simamisha nguzo mbili zilizoachana mita 8 hivi, vuta kati yao waya mnene wa chuma kwenye kimo cha mita 2, kisha pitisha pete itakayoteleza juu yake. Mnyororo ushuke kutoka kwenye pete hiyo, ufike chini na ubaki na kama mita moja ya ziada ili mbwa alale bila kuvutwa. Kabla ya kila nguzo kaza fundo la kuzuia pete, mbali vya kutosha mbwa asiweze kuizunguka nguzo. Shingoni weka mkanda mpana. Vidole viwili vipite chini yake. Kamba ya manila au waya mtupu shingoni hukata ngozi, na kwa mbwa mwenye manyoya mengi harufu ya kidonda hutangulia kidonda kuonekana. Mtoto wa mbwa hukua haraka, kwa hiyo mkanda wake ukaguliwe kila wiki.

Kivuli nacho kinahama. Arusha na Moshi ziko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa 6 mchana mwezi Juni jua liko kaskazini na kivuli cha ukuta kinaangukia kusini. Desemba ni kinyume chake. Ukuta wa mita 2 hutoa kivuli cha mita moja hivi mwezi Juni, na Machi au Oktoba karibu hakuna kabisa. Mahali palipomfaa mbwa mwezi wa sita patamchoma mwezi wa kumi na mbili. Mjengee kibanda chenye paa. Maji yaweke kwenye ndoo iliyofukiwa nusu au iliyokaa ndani ya tairi kuukuu, la sivyo mnyororo utaimwaga kabla hujafika kazini.

Kwa mbuzi, hesabu ni rahisi. Kamba ya mita 3 inampa mita za mraba 28. Ya mita 6 inampa 113, yaani mara nne. Tumia kipande cha nondo cha sentimita 60, kigongelee mpaka kichwa kikaribie ardhi, na kamba ifungwe kwenye pete inayozunguka nondo. Ukiifunga kwenye nondo yenyewe, itajiviringisha humo na kufupika. Shingoni usiweke kitanzi kinachojikaza. Kutoka kigingini hadi lami pawe na urefu wa kamba na mita 2 juu yake. Mbuzi wawili vigingi vyao viachane zaidi ya kamba mbili, wasije wakasokotana.

Halafu kuna minyoo. Mbuzi aliyefungwa pale pale siku tatu hula nyasi fupi karibu na mavi yake mwenyewe, na mabuu ya minyoo hukaa kwenye sentimita chache za chini, hasa penye umande. Msogeze kila siku, mtoe umande ukishakauka. Fizi zikiwa nyeupe badala ya pinki, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Tukirudi kwa mbwa: aliyefungwa hawezi kukimbia. Akimwogopa mtu humng'ata, na mbwa mwenye kichaa akiingia uani, wa kwanza kung'atwa ni yule asiyeweza kutoroka. Kwa hiyo mnyororo hauondoi haja ya chanjo: mchanje akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu aking'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ndipo akimbizwe hospitali.