Breka Kubwa Haiponyi Waya Mwembamba: Dhana Potofu Kuhusu Umeme wa Jakuzi la Nyumbani

Katika muda wa wiki chache nimepokea simu nne zenye malalamiko yaleyale: jakuzi jipya linafanya kazi vizuri kwa nusu saa au zaidi kidogo, kisha breka inakata, na mwenye nyumba anataka nimfungie breka kubwa zaidi ili usumbufu uishe. Wote wanne walikuwa wameshaamua dawa kabla ya kuniita, na mmoja alikuwa ameshainunua. Kwa kuwa nimechoka kulieleza jambo hili kwa simu, naliandika hapa pamoja na mengine machache yanayoandamana nalo. Hesabu zote ni za volti 230 na fezi moja. Penye mfumo mwingine namba hubadilika, lakini hoja haibadiliki.

Dhana ya kwanza ndiyo inayoniudhi kuliko zote: kwamba breka ikikata mara kwa mara, basi ni ndogo na inapaswa kubadilishwa. Breka haikuwekwa kwenye kisanduku ili kulinda jakuzi, wala haikuwekwa ili kulinda anayeoga. Imewekwa kulinda waya uliojificha ukutani na ardhini, mahali ambapo hakuna mtu atakayeuona ukipata joto. Kwa hiyo uchaguzi una mpangilio mmoja tu: kwanza unajua mzigo wa jakuzi, kisha urefu wa njia na mahali waya utakapopita, kisha unachagua unene wa waya, na mwishowe unachagua breka inayobeba mzigo huo bila kuzidi uwezo wa waya. Anayeanza na breka ameanzia mwisho.

Tuchukue jakuzi lenye hita ya kilowati 3 na pampu mbili za kilowati 1.5 kila moja. Hita ikifanya kazi peke yake inavuta ampea 13. Watu wakishaingia majini na kuwasha pampu zote mbili, mzigo unafika kilowati 6, yaani ampea 26. Sasa tuseme jakuzi hili limeunganishwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba uliokuwapo tayari, wenye breka ya ampea 20. Kwa viwango vya kimataifa, breka ya nyumbani haitakiwi kukata ndani ya saa moja ikibeba mkondo wa mara 1.13 ya ukubwa wake, na ni lazima ikate ndani ya saa moja mkondo ukifika mara 1.45. Kwa breka ya ampea 20, mipaka hiyo ni ampea 22.6 na ampea 29. Ampea 26 zimeangukia katikati, na ndiyo sababu breka haikati maji yanapopashwa moto mchana kutwa, bali hukata baada ya muda, pampu zote zikiwa zinavuma. Breka hiyo ni nzima. Inatoa taarifa ya kweli kwamba mzigo umeuzidi waya.

Ukiitoa na kuweka ya ampea 32, taarifa hiyo inazimwa. Breka mpya inaweza kubeba ampea 36 kwa saa nzima bila kukata, sembuse 26. Mwenye nyumba anafurahi, lakini waya haukubadilishwa. Waya wa shaba wa milimita 2.5 wenye ganda la PVC, ukipigiliwa juu ya ukuta mahali penye hewa ya nyuzi 30, unaruhusiwa kubeba ampea 27. Kebo hiyohiyo ikipita kwenye bomba ndani ya ukuta uliojazwa sufi ya kuzuia joto, uwezo wake unashuka hadi ampea 18.5, kwa sababu joto lake halina pa kutokea. Na joto la waya halikui sambamba na mkondo, hukua kwa mraba wake: ampea 26 ni mara 1.4 ya ampea 18.5, kwa hiyo joto linalozalishwa ni karibu mara mbili ya lile waya ulioruhusiwa. Ganda la PVC la kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 kwa kazi ya kudumu. Katika hali niliyoieleza linaweza kupita nyuzi 100, jioni baada ya jioni, bila breka kutikisika.

Niliwahi kufungua kisanduku katika nyumba ambayo breka ilikuwa imebadilishwa miezi kadhaa kabla. Hata kabla kifuniko hakijatoka vizuri nilipata harufu kali ya samaki aliyeoza, ambayo kila fundi umeme anaijua: ni plastiki ya vifaa vya umeme inayoungua polepole. Waya wa neutrali, ambao ganda lake lilikuwa la buluu, ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia kwa urefu wa kidole kuanzia kwenye skrubu, na nilipoukunja kidogo ganda lilimeguka kama ganda la yai. Familia hiyo ilikuwa imeoga jioni iliyotangulia, watoto wakiwamo. Hakuna kifaa chochote ndani ya nyumba kilichokuwa kimewaonya, kwa kuwa kile kilichokuwa kinawaonya walikuwa wamekwisha kukitoa.

Jibu sahihi kwa jakuzi hilo ni laini yake peke yake kutoka kwenye kisanduku kikuu, isiyochangiwa na kifaa kingine, kwa waya wa milimita 6 za mraba na breka ya ampea 32. Katika ukuta uleule wenye sufi, kebo ya milimita 6 inabeba ampea 32; ikipigiliwa juu ya ukuta inabeba 46. Binafsi, njia ikiwa ndefu au mahali pakiwa na joto kali, ninapanda hadi milimita 10 bila kusita, na sijawahi kujuta. Hewa ikifika nyuzi 40, uwezo wa waya wa PVC hupungua hadi asilimia 87 ya uliotajwa kwenye jedwali, na watu husahau kwamba mabomba mengi ya waya hupita darini chini ya paa linalopigwa na jua.

Yapo mambo mawili ya haki yanayofanana na kubadilisha breka, na nayataja ili yasichanganywe. Breka ikikata papo hapo pampu inapoanza kuzunguka, huenda tatizo ni aina yake wala si ukubwa: aina B hukata mkondo ukifika mara tatu hadi tano ya ukubwa wake, ilhali mota inapoanza huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Hapo fundi anaweza kuweka aina C, inayovumilia mkondo mkubwa zaidi wa muda mfupi, ya ampea zilezile, baada ya kupima kwamba mzunguko wa hitilafu kuelekea ardhini una ukinzani mdogo wa kutosha kuiwezesha kukata. La pili ni kwamba majakuzi mengi yana mpangilio kwenye ubao wa udhibiti unaozima hita wakati pampu zinafanya kazi kwa nguvu. Ukitaka kulitumia jakuzi kwa waya mwembamba ulio salama, mpangilio huo ndio njia ya halali. Maji yatachelewa kupata moto, basi.

Dhana inayofuata ni kwamba waya ni waya, na urefu hauna neno. Una neno kubwa. Kebo ya milimita 2.5 ya mita 30, kwenda na kurudi, ina ukinzani wa takriban omu 0.42. Ikipitisha ampea 26 inapoteza karibu volti 11 na kugeuza wati 280 kuwa joto njiani, hata kabla hatujahesabu kwamba shaba ikipata moto ukinzani wake huongezeka. Kebo ya milimita 6 kwa urefu uleule inapoteza volti 4.6. Kiwango kinachokubalika kwa mizigo isiyo ya taa ni asilimia 5, yaani volti 11.5, na kinahesabiwa kuanzia umeme unapoingia nyumbani, si kuanzia nyuma ya jakuzi. Pampu inayolishwa volti pungufu hujitahidi zaidi na kuungua mapema, na lawama humwendea mtengenezaji wa pampu.

"Limekuja na plagi, kwa hiyo naweza kulichomeka popote." Jakuzi la plagi limetengenezwa kwa soketi moja iliyo nzima, yenye laini inayoutosha mzigo, na halikutengenezwa kwa ekstensheni. Ekstensheni iliyoviringishwa kwenye gurudumu lake ni hita ya pili: ile iliyoandikwa ampea 13 ikiwa imefunguliwa yote mara nyingi hairuhusiwi kuzidi ampea 5 ikiwa imeviringishwa. Ukigusa plagi baada ya saa moja ukaikuta ya moto kiasi cha kuutoa mkono, zima na uite fundi siku hiyohiyo.

Sasa kuhusu RCD, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja nje ya njia yake, ambako watu wawili hunipa hoja mbili zinazopingana na zote ni potofu. Wa kwanza anasema breka inatosha. Kati ya breka ya ampea 32 na mkondo wa miliampea 30 kuna tofauti ya zaidi ya mara elfu moja, na makumi machache tu ya miliampea yakipita kifuani kwa muda wa sekunde moja yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Breka haitauona mkondo huo kamwe. RCD ya miliampea 30 inalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na ikikuta upungufu wa kiasi hicho inapaswa kukata ndani ya sekunde 0.3, na upungufu ukiwa mara tano ya hapo, ndani ya sekunde 0.04. Kwa mtu aliyeloa mwili mzima, hicho ndicho kinga ya mwisho. Wa pili anasema RCD yake inakata ovyo na anaomba niitoe. Mara nyingi nikipima nakuta hita imetoboka kitundu kidogo kwenye ganda lake la chuma na maji yameingia ndani, au maungio ya nje yameingia unyevu. Hita ibadilishwe, RCD ibaki. Nami husisitiza aina A badala ya AC, kwa sababu vifaa vya kielektroniki vya jakuzi la kisasa vinaweza kuvujisha mkondo wa mwelekeo mmoja ambao RCD ya aina AC haikuundwa kuutambua. Kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kila mwezi, kabla mtu hajaingia majini.

Na RCD haifuti haja ya waya wa ardhi, ingawa nimewahi kukuta jakuzi lililofungwa na waya huo umekunjwa na kufungwa utepe kwa madai kwamba "RCD ipo". Bila waya wa ardhi, uvujaji unaweza kukaa kimya hadi mwili wa mtu uwe njia yake.

Kebo bapa ya ndani ya nyumba haifai nje wala ardhini, hata ikiwa ndani ya bomba la maji. PVC yake hukakamaa kwa jua na jembe moja linaikata. Tumia kebo yenye koti la nyaya za chuma, iliyofukiwa kina kisichopungua nusu mita na utepe wa tahadhari juu yake. Nyaya za alumini zilizopakwa shaba nje ziepuke kabisa: unene uleule hubeba mkondo mdogo zaidi, na hulegea kwenye skrubu. Swichi ya kuzimia iwe mahali inapoonekana kutoka kwenye jakuzi, lakini mbali kiasi kwamba aliye majini hawezi kuifikia kwa mkono. Mita 2 au zaidi.

Kabla ya kununua hata mita moja ya kebo, soma kibao kilichobandikwa kwenye jakuzi, kile chenye volti, ampea za juu kabisa na ukubwa wa breka, na umpe fundi picha yake pamoja na urefu wa njia uliopimwa kwa utepe. Na mtaro ukishachimbwa na kebo kulazwa, upige picha ukiwa bado wazi, utepe wa kupimia ukionekana ndani yake, kabla udongo haujarudishwa.