Goti bovu si pombe

Dereva mmoja wa fuso alikuja ofisini kwetu, kwenye dawati la msaada wa kisheria hapa Dodoma, akapandisha suruali anionyeshe goti. Lilikuwa na kovu refu la upasuaji. Usiku aliokamatwa kwa tuhuma za ulevi, barabara ya Morogoro karibu na Ihumwa, askari alimwambia atembee juu ya mstari mweupe. Amevaa ndala, malori yanampita yakimtimulia vumbi, tochi usoni. Akayumba. Maelezo ya askari yakasema anayumba, macho mekundu, ananuka pombe. Habari ya goti hayakuitaja.

Marekani majaribio haya yana utaratibu wake: hatua tisa za kisigino kugusa kidole, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30, kufuatisha kalamu kwa macho. Hata huko inakubalika kuwa mzee, au mwenye shida ya mgongo, mguu au sikio la ndani, anaweza kushindwa bila kuonja tone.

Kwa hiyo anza na hati ya mashtaka, uone umeshtakiwa kwa kosa lipi. Sheria ya Usalama Barabarani ina makosa mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni kuendesha ukiwa umelewa hadi huwezi kulimudu gari. Hilo hujengwa hata kwa ushahidi wa macho, na hapo ndipo goti, ndala na vumbi vina kazi. Nenda na cheti cha hospitali. La pili ni kuzidisha kiwango, miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Hilo ni suala la namba, na kuyumba hakutoi namba.

Namba nayo huulizwa maswali. Ukicheua au ukisukutua kwa dawa yenye alkoholi, pombe ya mdomoni hupandisha kipimo cha pumzi kwa muda. Ndiyo maana mpimaji makini husubiri dakika 15. Ulisubirishwa? Mashine ilihakikiwa lini? Kama damu ilipelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, nani aliitoa, nani aliifunga, nani aliibeba, nani aliipokea? Mahakama ya Rufani, ikikaa hapa hapa Dodoma kwenye rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, ilisisitiza kuwa safari ya kielelezo, yaani kitu kinachotolewa kama ushahidi, iwe na maandishi, tangu kinakamatwa hadi kinafika mahakamani. Ile ilikuwa kesi ya unyang'anyi, lakini kichupa cha damu ni rahisi zaidi kubadilishwa kuliko kitu kikubwa kama pikipiki.

Maswali haya usiyamalizie barabarani. Kukataa kupuliza kwenye mashine bila sababu ya msingi ni kosa jingine. Puliza, omba kuona namba, kumbuka saa. Pingamizi lisubiri mahakamani, na litolewe kabla kielelezo hakijapokelewa, kikishapokelewa, umechelewa. (Simtetei mlevi. Aliyekunywa ampe mwenzake funguo.)

Kinachoniumiza zaidi ni kukiri. Mtu yuko mahabusu, mwenzake anamnong'oneza: "Kubali tu, ulipe faini, ukafanye kazi." Anakubali. Ukishakiri kosa kwa maneno yasiyo na utata, kwa kawaida rufaa yako hubaki kwenye adhabu tu, na yale ya mashine na kichupa hayana pa kusemewa tena.

Yule wa fuso alikuwa amekiri siku mbili kabla ya kuja kwetu. Cheti cha goti alikuwa nacho mfukoni muda wote.