Pointi 14 ni zilezile, sifa si zilezile

Mimi ni afisa udahili wa chuo kikuu cha umma. Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, simu za wazazi wa Tabora huwa zinauliza jambo lilelile: "Mwanangu ana daraja la tatu. Mbona amekataliwa, na rafiki yake mwenye daraja hilohilo amepokelewa?" Wana haki ya kuuliza, maana anayeangalia daraja peke yake hawezi kuliona jibu.

Baraza la Mitihani hupanga daraja kwa pointi ambazo zikiwa chache ndiyo heri: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Vyuo vikuu tunahesabu kinyume. Kwetu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Sifa ya chini iliyowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni masomo mawili yenye ufaulu wa A hadi E, jumla yake isipungue pointi 4, na masomo hayo yawe yale yanayotakiwa na kozi unayoiomba.

Tuseme vijana wawili wamesoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) shule moja pale Milambo. Wa kwanza ana D ya Uchumi, E ya Historia na E ya Jiografia. Wa pili ana C ya Jiografia, E ya Uchumi na S ya Historia. Kwa Baraza kila mmoja ana pointi 14, daraja la tatu. Kwetu, masomo mawili bora ya wa kwanza yanampa pointi 3, hafiki. Wa pili anapata 4 kamili, kwa hiyo anaweza kuomba kozi inayotaka Jiografia na Uchumi. Wa kwanza asikate tamaa, apitie stashahada. Akimaliza na GPA (wastani wa alama zake) ya 3.0 au zaidi, na cheti chake cha kidato cha nne kina ufaulu unaotakiwa, atarudi kuomba shahada.

Lakini kufika 4 ni kupiga hodi tu. Kila kozi ina idadi ya nafasi iliyoidhinishwa, na waombaji wenye sifa wakizidi nafasi, tunaanza na wenye ufaulu wa juu zaidi. Udaktari wa binadamu ndio unaoumiza wengi: unadai Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, jumla isiyopungua 6, na wanaoomba wengi wako juu mno ya hapo. Ndiyo maana ninawasihi wasijaze machaguo yote kozi za aina hiyo. Wengi huachwa kabisa na hali kuna kozi wangeipata.

Tangu 2017 maombi yanatumwa chuoni moja kwa moja, wala hahitajiki mtu wa kukuombea kwa malipo ya siri. Orodha yetu hupitishwa na TCU kabla ya kutangazwa. Mkopo nao huombwa Bodi ya Mikopo, na kuchaguliwa chuo hakumaanishi umepata mkopo.

Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu, kabla ya muda kwisha. Hapa ndipo ninapoumia. Mwaka mmoja tulimtafuta binti wa Urambo mwenye alama nzuri sana, na namba iliyokuwa kwenye fomu yake ilikuwa ya mwenye steshenari aliyemjazia. Mwenye duka hakujua ujumbe ule ni wa nani. Jaza namba yako mwenyewe, au ya mzazi anayeshika simu kila siku, na neno la siri la akaunti yako ya maombi uliandike daftarini kwako.