Mechi Tatu Ndani ya Siku Saba: Kumwandaa Binti wa U-17

Kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, Serengeti Girls, timu ya taifa ya Tanzania ya umri huo, walikutana na Japani tarehe 12 Oktoba, Ufaransa tarehe 15, Kanada tarehe 18. Walichapwa 4-0, wakashinda 2-1, wakatoka sare 1-1, wakatinga robo fainali. Mabao yanazungumzwa sana. Kwangu mimi, makocha wa Tanga tuna la kujifunza zaidi kwenye zile siku mbili mbili za katikati.

Siku inayofuata mechi, aliyecheza zaidi ya dakika 60 atembee na kukimbia polepole dakika 20, basi. Waliokaa benchi ndio wafanye kazi: wanne kwa wanne, uwanja mdogo, vipindi vya dakika 4. Kuwakimbiza wote kwa hasira ya kufungwa ni kuwaharibu, kwa sababu misuli haijarudisha wanga iliyotumia na mechi ya pili itaanza na miguu mizito.

Maji yanataka umakini zaidi hapa pwani. Unyevu ukiwa mwingi jasho halikauki mwilini, linachuruzika tu bila kupoza. Mpime uzito kabla na baada ya mechi, akiwa amejifuta na kuvaa nguo kavu, maana jezi iliyolowa inadanganya mzani. Akitoka kilo 50 akafika 49, arudishe lita moja na nusu, taratibu kwa saa kadhaa, pamoja na chakula chenye chumvi. Dafu ni zuri, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho huondoka hasa na sodiamu. Asilitegemee peke yake.

Kuna jambo tunaloona haya kulisema: hedhi hupunguza madini ya chuma, na binti mwenye upungufu huchoka mapema, watu wakamwita mvivu. Dagaa, maini, maharage na mchicha viwe vya kawaida mezani, na chungwa la Muheza pembeni, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai inazuia, kwa hiyo isubiri kama saa moja baada ya mlo. Akionekana kuchoka kila mara, apelekwe kupimwa damu.

Halafu goti. Wasichana huchanika ile kano ya ndani ya goti, ACL, mara nyingi kuliko wavulana, na mara nyingi hakuna hata aliyewagusa: ni kutua vibaya au kugeuka ghafla. Programu ya FIFA 11+, mazoezi ya kupasha misuli yaliyopangwa kuzuia majeraha, inachukua dakika 20 hivi na haihitaji kifaa zaidi ya mpira na koni. Inavurugika pale kocha anapohesabu marudio bila kutazama mkao wa mwili. Simama mbele ya mchezaji, aruke, atue. Magoti yakiingia ndani na kukaribiana, msimamishe. Atue kwa mbele ya nyayo, magoti na nyonga vimekunjwa, goti likielekea vidoleni. Zoezi lake la misuli ya nyuma ya paja hufanywa kwa kupiga magoti, mwenzake akimshika vifundo, yeye akishuka mbele polepole, mgongo na mapaja mstari mmoja. Anayeanza mara 3 hadi 5 zinamtosha. Akianza kukunja kiuno, zoezi limekwisha kwa siku hiyo. Lifanywe siku za mazoezi ya kawaida, kamwe lisiwe sehemu ya kupasha misuli kabla ya mechi.