Je, wajua? Kwa nini giaboksi ya otomatiki "hufa" baada ya kubadilishwa oili

Shemeji yangu aliponunua Corolla ya otomatiki iliyotoka Japani ikiwa na kilomita 140,000, nilimkataza kugusa oili ya giaboksi. "Ukibadilisha tu, inakufa," nilimwambia. Ndivyo nilivyosikia gereji miaka yote. Nilikosea.

Ni kweli wapo waliobadilisha oili na wiki hiyo hiyo gia zikagoma. Lakini waulize kwa nini walibadilisha. Wengi watasema injini ilikuwa inavuma na gari halivuti, au ukiweka R (gia ya kurudi nyuma) linakawia, halafu linashtuka. Hapo giaboksi ilishaumwa siku nyingi. Mgonjwa kafikishwa hospitali akiwa mahututi, alipofariki lawama ikaenda kwa sindano ya mwisho. Gari lililobadilishwa oili likiwa bado zima linaendelea na safari zake, na hakuna anayelisimulia.

Kinachoshika humo ndani ni sahani za klachi zenye utando unaofanana na karatasi ngumu, nazo hufanya kazi zikiwa zimelowa oili. Paka viganja mafuta ya kupikia, kisha viguse pamoja bila nguvu: vitateleza. Vibane kwa nguvu zote, mafuta yatakamuka pembeni na ngozi itaanza kushikana. Oili ya otomatiki inatakiwa iyaweze yote mawili, kuteleza kidogo gia inapoingia na kuziacha sahani zishike zikishabanwa. Kazi hiyo hutegemea dawa zilizochanganywa ndani yake, na joto huzichosha. Oili mpya kwa kawaida ni nyekundu. Ikichoka hugeuka kahawia, ikiungua hunuka hivyo hivyo, kuungua. Rangi peke yake haitoshi kuhukumu, kwa sababu zipo oili zinazokoza mapema zikiwa bado nzima.

Mafundi wengine husema vumbi la sahani zilizolika ndilo linalosaidia oili kuukuu kushika. Ushahidi wake zaidi ni masimulizi ya gereji. Lililo wazi ni kwamba utando ukishalika, oili mpya haiurudishi.

Tena ukifungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, oili haitoki yote. Kwenye Toyota ndogo nyingi hutoka kama lita 3, na nyingine kiasi hicho hubaki, hasa ndani ya konveta, kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Ni sawa na chai iliyozidi sukari: ukimwaga nusu na kujazia maji, utamu wa nusu umebaki. Rudia, inabaki robo. Rudia tena, thumuni.

Kinachoua kweli ni oili isiyo yake. Giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), iliyomo kwenye Vitz na Passo nyingi, hutumia mkanda wa chuma unaotaka oili ya CVT. Ukiitilia ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza na kujikwangua. Soma kitabu cha gari kabla ya kwenda dukani.

Ile Corolla tuliimwaga oili mara 3, ikitembea siku kadhaa kati ya mara na mara. Ya kwanza ilikuwa nyeusi kama kahawa. Ya tatu, ndani yake, chini kabisa mwa beseni, tuliiona nati tuliyoiangusha.