Je, wajua kwa nini mkongwe wa pikipiki hukosea kona akipanda magurudumu matatu?

Mpe bajaji tupu kijana wa Mbagala ambaye hajawahi kushika pikipiki, na baada ya nusu saa atakuwa anazunguka uwanja bila wasiwasi. Mpe bajaji hiyohiyo mzee aliyekwenda Dar hadi Mbeya na kurudi kwa pikipiki kubwa miaka 30, na kona ya kwanza tu utamwona anaelekea ukutani. Si uzee huo. Mikono yake imezoea kitu kingine kabisa.

Pikipiki ya magurudumu mawili, ikishachanganya mwendo, haikati kona kwa kugeuziwa usukani kule unakokwenda. Ukitaka kushoto, mkono wa kushoto unausukuma usukani mbele kidogo. Gurudumu la mbele linaelekea kulia kwa kitambo kifupi sana, linatoka chini ya uzito, pikipiki inalalia kushoto, na kule kulala ndiko kunakoipeleka kushoto. Mwili hujifunza haya bila kumwambia mwenyewe. Muulize dereva bodaboda yeyote anakataje kona, atakujibu, "Nalalia tu."

Chombo cha magurudumu matatu kisicholala hakina mchezo huo. Ukisukuma upande wa kushoto wa usukani, gurudumu linageuka kulia na chombo kinakwenda kulia, basi. Sasa fikiria uko Barabara ya Bagamoyo na daladala inayolipita gari jingine imeingia upande wako. Unataka kukimbilia kushoto. Kabla akili haijasema neno, mkono wa kushoto umeshasukuma, nacho chombo kinakupeleka kulia, kulekule iliko daladala. Katika mwendo wa kawaida mtu hujirekebisha mapema. Kwenye mshtuko ndipo mazoea ya miaka 30 hurudi.

Kwa nini basi wazee wahamie magurudumu matatu? Sababu kubwa ni pikipiki ikiwa imesimama. Honda Gold Wing inapita kilo 350. Chukua kilo 350 hizo, kitovu cha uzito kikiwa nusu mita kutoka chini, nawe umeshika usukani ulio kama mita 1 juu. Ikiinama nyuzi 10, unazuia uzito wa kama kilo 30 kwa goti moja na nyonga moja. Ikifika nyuzi 20, ni kilo 60. Kwenye sitaha ya kivuko cha Magogoni, chini kumelowa na abiria wanakusukuma, mtu wa miaka 68 mwenye goti bovu hana kilo 60 za kuzuia. Harley-Davidson Tri Glide ina zaidi ya kilo 550, lakini inasimama yenyewe. Hata barabara za mchanga za Kigamboni, zinazomwangusha wa mawili akiwa mwendo wa kutembea, wa matatu anapita.

Lakini matatu nayo yana namna yake ya kuangusha. Chukua chombo chenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma: upana wa nyuma mita 1.2, urefu kati ya ekseli mita 1.7, kitovu cha uzito sentimita 60 juu na theluthi moja ya njia kutoka ekseli ya nyuma. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, gurudumu la ndani huanza kunyanyuka kwenye kilomita 50 kwa saa. Gari la upana huohuo na kimo hichohicho lingefika 62, kama lisingeteleza kwanza. Ukishika breki ya wastani katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, pale penye gurudumu moja tu, na ile 50 inashuka hadi 46. Breki ambayo ungeitegemea ikuokoe ndiyo inayokupindua. Kwa hiyo maliza breki kabla ya kona, chombo kikiwa kimenyooka, kisha ingia na mafuta kidogo.

Vyombo vyenye mawili mbele na moja nyuma, kama Can-Am Spyder iliyotoka 2007, vinavumilia breki ya kwenye kona vizuri zaidi, kwa kuwa uzito unaokimbilia mbele unakuta msingi mpana. Kuna jamii ya tatu inayolala kama pikipiki: Piaggio MP3 ya 2006 na Yamaha Niken ya 2018. Hizi unazikata kona kwa mazoea yako yaleyale ya zamani. Tatizo ni kwamba Niken ukisimama inakutaka mguu chini. MP3 ina kufuli ya kuizuia isilale ikisimama, na kwa mtu wa foleni za Ubungo kufuli hiyo ina thamani kuliko nguvu za injini. Anayehama kwa sababu ya goti asinunue Niken.

Wapo wanaotaka kuibadilisha pikipiki waliyonayo. Mafundi wa Gerezani wanaweza kuchomelea karibu chochote, ila magurudumu mawili ya nyuma yaliyofungwa pamoja kwa chuma kimoja si kazi ya safari. Kwenye kona gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Bila difu, kifaa kinachoruhusu kila gurudumu lizunguke kwa mwendo wake, yote mawili yanalazimishwa mwendo mmoja, na chombo kinang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Injini ikizungusha gurudumu moja tu la nyuma, kila ukiongeza mafuta kinavutia upande mmoja. Usukani nao unakuwa mzito, kwa kuwa shokapu za mbele zilipangwa kwa chombo kinacholala. Vifaa vizuri vya kubadilishia huja na vishikio vinavyozilaza shokapu hizo mbele nyuzi kadhaa zaidi, na usukani unakuwa mwepesi. Usukani ukitikisika kwenye mwendo mdogo, kagua beringi zake na upepo wa tairi, kisha ndipo ufikirie kifaa cha kuutuliza.

Barabara nayo inabadilika chini yako. Wa mawili anaacha alama moja na kupita pembeni ya shimo. Wewe sasa una alama tatu, na shimo ambalo gari lingelipitisha katikati ya magurudumu linalikuta gurudumu lako la mbele. Mteremko wa lami kuelekea mtaroni, ambao pikipiki haikuusikia, sasa unakuvuta kushoto saa nzima. Mwili haulali, hivyo kila kona inakutupa nje, na mabega ndiyo yanayokushikilia. Ukifika Chalinze yatauma kuliko mgongo. Na kupenya katikati ya magari, sahau. Utakaa foleni kama wenye magari.

Kabla ya kulipa, waulize TRA, Mamlaka ya Mapato, kama daraja la leseni yako linaruhusu magurudumu matatu. Kisha kodi bajaji tupu kwa saa moja kwenye uwanja mpana. Usukani ni wa jamii ileile, na kosa lake ni la bei nafuu, ingawa breki kuu iko mguu wa kulia na gia unazungusha kwa mkono wa kushoto. Weka chupa 6 za maji zilizojaa mchanga, mita 6 kati ya moja na nyingine. Zipite ukipindapinda kama nyoka kwa mwendo wa kutembea, ukijiambia kwa sauti: vuta kushoto, kwenda kushoto. Ukizoea, ongeza hadi kilomita 20 kwa saa, si zaidi, kwa sababu bajaji ni nyembamba na imeenda juu. Mwisho, mtu asimame mbali na kuita "kushoto!" au "kulia!" bila kukuandaa. Zoezi hilo lirudie siku nyingine, mpaka mkono uache kukosea hata ukishtuliwa.

Ukishapata chombo chako, chunga miguu. Mwenye mazoea ya mawili hushusha mguu kila akisimama. Kwenye chombo chenye mawili nyuma, gurudumu liko hatua moja nyuma ya kisigino, na chombo kikisogea hata nusu mita linaupanda mguu. Miguu ibaki juu mpaka breki ya maegesho iwe imefungwa.